Nimefeli kipimo cha kuona kina (kutambua kipi kipo karibu na kipi mbali), urubani wa jeshi ndo basi tena?

Kijana_wa_Isevya:
Wadau habari za mchana, nipo Tabora nina miaka 20 nimemaliza form six PCM, tangu mdogo ndege ikishuka hapa kwetu naacha kila kitu nakimbilia kuiangalia. Nataka urubani wa jeshi nikaona nipime macho mapema. Chati ya herufi kulia 6/6 (kawaida), kushoto 6/9 (pungufu kidogo). Halafu nikavalishwa miwani myeusi nikapewa kitabu chenye picha ya nzi mkubwa, naambiwa shika mabawa, kweli nzi nikamwona kanyanyuka kabisa. Vikaja viduara vinne vinne useme kipi kimejitokeza, seti ya nne nikapata, kuanzia ya tano vyote vimelala kama vimechorwa na kalamu. Mpimaji kaandika HAFAI kaita anayefuata, hata kuelezwa sikuelezwa. Karatasi nimeificha mama asione. Nasikia Marekani kuna weva, yaani ruhusa maalum kwa asiyefikia kigezo, ni kweli mtu anaweza kuruhusiwa hivyo hivyo?

Macho_Kibirizi:
Mdogo wangu pole sana, mi nafanya kazi ya macho huku Kigoma na hilo la kuandikiwa hafai bila maelezo limeniuma. Hicho kipimo kinashikwa sentimita 40 kutoka usoni, seti ya nne ni kama sekunde 140 za nyuzi (kipimo cha pembe, namba ikiwa ndogo ndo unaona kina vizuri zaidi), ya tisa ndo sekunde 40, na 40 ndo kiwango wanachotaka jeshi la nchi kavu la Marekani kwa marubani wao. Sasa usikimbilie weva kabla hujajua sababu!! Jicho moja likiwa na ukungu kidogo tu ubongo unashindwa kuunganisha picha mbili vizuri, na kwako kushoto ni 6/9. Nenda uwekewe matone ya kupanua mboni upimwe miwani, ukishaivaa rudia viduara. Pia wakuzibe jicho moja moja waangalie kama lingine linasogea, uliza na nyumbani kama ulikuwa na makengeza utotoni, maana hayo yakiacha alama miwani peke yake haitoshi.

Fundi_Mstaafu_TBR:
Nimeshika spana za ndege miaka mingi. Weva ipo kijana ila si haki yako, wanaangalia mtu mmoja mmoja, ana tatizo gani, halibadiliki?, atarusha ndege gani. Na aliyekwisha kufundishwa anaonewa huruma kuliko anayeanza, kwa sababu ameshagharimiwa. Kuna jamaa Wiley Post alipoteza jicho la kushoto mwaka 1926 kwenye visima vya mafuta huko Oklahoma, na 1933 akazunguka dunia peke yake na ndege, wa kwanza kabisa. Kwa sababu mbali huko macho mawili hayakusaidii sana, unapima kwa ukubwa wa kitu, kwa barabara ya kurukia inavyojipanua mbele yako, kwa vitu vya karibu kupita haraka kuliko vya mbali. Lakini kuruka bawa kwa bawa na mwenzako au kujaza mafuta angani au helikopta kutua porini katikati ya miti, hapo ni mita chache tu na jeshi lina haki ya kuogopa. Usije ukakariri majibu ya viduara, nakuomba sana, humo ndani ya ndege utakuwa na watu. Vigezo vya JWTZ uliza kwa daktari wao. Na urubani wa kiraia usiudharau, kwa viwango vya kimataifa cheti cha afya cha daraja la kwanza ni 6/9 kila jicho na 6/6 yote mawili, miwani ruksa, ila macho lazima yashirikiane vizuri.

Mama_Ujiji:
Mwanangu alizibwa jicho lisilo na tatizo kwa miezi akiwa na miaka 5 ili lile dhaifu lifanye kazi, alikuwa analia akimimina chai inamwagikia pembeni ya kikombe, sahivi anamimina mwenyewe. Mwambie mama yako usimfiche.

Kijana_wa_Isevya:
Asanteni sana, shikamoo mzee Fundi. Jana usiku nimemwonyesha mama ile karatasi, kakaa kimya kidogo halafu akasema nikiwa na miaka mitatu jicho la kushoto lilikuwa linakimbilia puani kila nikichoka, bibi akasema litanyooka lenyewe na kweli likanyooka. Jumatatu naenda kuwekewa matone, mama kasema anakuja na yeye.