PC inachemka: AIO ya maji, kipozeo cha minara miwili au kesi mpya?

gemu_usiku
Wakuu salaam. Nina prosesa ya Ryzen 5 5600 na kadi ya picha RTX 3060 Ti. Kesi ina kioo mbele na ubavuni, feni mbili mbele, moja nyuma. Feni ya prosesa ni ile iliyokuja kwenye boksi. Gemu nzito ikianza, kadi inagonga nyuzi 83, prosesa 86, na makelele yake jirani anajua nacheza. Nipo Dar, chumba hakina AC, joto la Machi mnalijua. Hela inatosha kitu kimoja: AIO (kipozeo cha maji kinachokuja kimekamilika, pampu na rejeta yake) ya milimita 240, kipozeo cha hewa cha minara miwili, au kesi yenye wavu mbele. Nianze na kipi?

rejeta_kwanza
AIO mkuu, usijiulize mara mbili. Yangu prosesa haipiti 70. Rejeta funga juu, feni zitoe hewa nje. Na inapendeza.

fundi_bisibisi
5600 ni ya wati 65, hata ikibanwa kwa mipangilio ya kiwandani inaishia 76. Kadi yake inakula 200. Sasa jiko kubwa humo ndani ni lipi? AIO itapoza prosesa, kadi itabaki inavuta hewa ile ile ya moto. Na maji hayo hayawezi kuwa baridi kuliko chumba. Chumba kikiwa 32, hesabu inaanzia 32, uwe na maji au hewa.

gemu_usiku, kabla hujatoa hela, fungua kioo cha ubavuni, cheza gemu ile ile nusu saa, feni kasi ile ile. Joto likishuka sana, mchawi ni kesi. Lisiposhuka, angalia kipozeo na pasta ya kupitisha joto iliyo chini yake.

gemu_usiku
Nimefanya jioni hii. Ubavu wazi: kadi 74, prosesa 77! Nimechungulia mbele, mwanya kati ya kioo na fremu hata kidole hakipiti.

bint_tanga
Basi jibu unalo, kesi ya wavu. Ila usizoee kukaa na ubavu wazi. Huku pwani vumbi likikutana na unyevu linaganda kwenye mapezi ya kadi, ukija kulitoa ni kazi ya brashi. Feni za kuingiza ziwe nyingi kuliko za kutoa, na ziwe na vichujio, ili hewa isukumwe nje kupitia vitundu vya kesi badala ya kuvutwa ndani humo na vumbi lake. Siku ya kupuliza na blowa, shika mapanga ya feni yasizunguke.

rejeta_kwanza
Haya, prosesa yangu ni 5800X, wati 105, nakubali si sawa. Lakini msiifanye AIO kuwa pambo. Rejeta ikiwa juu, joto la prosesa linatoka nje moja kwa moja, kadi haikutani nalo.

nairobi_rig
Kweli boss, lakini pampu huchoka, na maji hupungua polepole kupitia mipira ya kupitishia maji hata bila kuvuja. Kwa kipozeo cha hewa kinachokufa ni feni, unabadilisha feni. Ukifika huko, kipozeo cha hewa cha minara miwili kama Peerless Assassin 120 SE kina kimo cha milimita 155, kwa hivyo pima kesi kwanza.

Kuna dawa ya bure pia. Fungua programu ya MSI Afterburner, shusha kikomo cha umeme cha kadi hadi asilimia 80. Wati 200 zinakuwa 160, na fremu za picha kwa sekunde unazopoteza ni chache.

fundi_bisibisi
Hiyo fanya leo leo. Kesi ifuate, kipozeo kisubiri hela nyingine.

gemu_usiku
Nimeshusha. Kadi sasa 69 ubavu ukiwa wazi, na macho yangu hayaoni tofauti kwenye gemu. Jumamosi Kariakoo kutafuta kesi. Hizi feni mbili za zamani nifunge mbele au juu?

bint_tanga
Mbele, chini usawa wa kadi. Ukiweka ya kutoa hewa juu, iwe upande wa nyuma. Ikikaa juu karibu na mbele inaiba hewa baridi kabla haijafika kwenye prosesa. Kujua inakopulizia, tafuta mshale ubavuni mwa feni. Kama hauna, hewa inatokea upande ule wenye vishikio vya mota.