Nimekatwa alama kwa kuandika "less than three hours", na kosa si langu

Ndugu wanajamvi,

Katika mtihani wa Kiingereza niliandika kwamba safari ilichukua "less than three hours". Msahihishaji aliifuta "less" kwa wino mwekundu akaweka "fewer", na nilipomwandikia kumwomba ufafanuzi, alinijibu kwa maneno mawili tu: saa zinahesabika.

Msingi wa kanuni hiyo siupingi. "Fewer" hutokana na "few" na huandamana na nomino zinazohesabika zikiwa katika wingi, kama vitabu au watu, ilhali "less" ndiyo ngazi ya ulinganishi ya "little" na hukaa na nomino zisizohesabika, kama maji au subira. Msemaji wa Kiswahili hapati taabu hapo, kwa kuwa tangu utotoni amesema watu wachache na maji kidogo. Kinachoniudhi ni walimu wanaolikatiza somo mahali hapo, kisha wakatuadhibu kwa sehemu ambayo hawakuifundisha. Saa nilizozitaja si vitu vitatu vilivyopangwa mezani ili vihesabiwe kimoja kimoja. Ni muda mmoja uliopimwa, na wenye Kiingereza chao hutumia "less than" kwa muda, umbali, uzito na kiasi cha fedha hata pale ambapo tarakimu imetajwa waziwazi. Safari yangu ilichukua saa mbili na dakika arobaini. Tukifuata hesabu ya msahihishaji, hizo dakika arobaini tuziweke wapi?

Tena "less" hufanya kazi ya kielezi mbele ya vivumishi, kama katika "less difficult", kazi ambayo "fewer" haiiwezi kabisa. Hilo nalo sikufundishwa.

Wanaoishikilia kanuni hii kama amri wangeshangaa kujua ilikotoka. Mwaka 1770 Robert Baker, mwandishi wa kitabu kuhusu lugha ya Kiingereza, aliandika kwamba katika kutaja idadi, kama mia moja, yeye binafsi aliona "fewer" inapendeza na inafaa kuliko "less". Yalikuwa maoni ya mtu mmoja kuhusu ladha ya lugha, nayo yakageuzwa sheria na waliokuja baadaye. Karne nyingi kabla yake, katika maandishi ya karne ya 9 ya Mfalme Alfred wa Wessex, huko Uingereza, umbo la kale la "less" lilikwisha kutumika pamoja na neno lenye maana ya "maneno", na maneno, kama ninavyojua mimi, yanahesabika. Halafu "more" hutumika kwa maji na kwa watu vilevile, wala hakuna anayeikatia mtu alama.

Nimeomba karatasi yangu isahihishwe upya na mtu mwingine, na mpaka sasa sijapata jibu. Aliyewahi kushinda rufaa ya namna hii naomba anieleze aliwaandikia nini.