MREJESHO: Damu chini ya fuvu, tobo au dirisha?

Wakuu, niliuliza kuhusu kijana wa ajali ya bodaboda mwenye damu kati ya fuvu na dura (utando mgumu unaofunika ubongo): tobo moja la kutoboa fuvu linatosha? Na ketamini, dawa ya usingizi, inaruhusiwa? Majibu yenu tumeyapitia na timu ya upasuaji na usingizi hapa Mtwara.

Tobo halitoshi. Damu mbichi imeganda kama maini, haipiti. Matobo mawili na kusafisha kwa salaini ya uvuguvugu ni kwa damu ya zamani iliyoyeyuka. Damu ya aina ya kijana huyu ikizidi mililita 30 itolewe, hata kama mgonjwa anaongea. Kwa hiyo ni dirisha la mfupa, yaani kukata na kuinua kipande cha fuvu. Kabla ya kupitisha msumeno wa Gigli (waya wenye meno wa kukatia mfupa), bandua dura taratibu. Ikiwa imeshikamana na mfupa, inachanika. Mwishoni dura ishonwe kwenye kingo za mfupa, la sivyo damu inajikusanya upya.

Ketamini haikatazwi, mradi mgonjwa ana mpira wa kupumulia kooni na kaboni dayoksaidi iko 35 hadi 40 mmHg. Namba ya juu ya presha ya damu isishuke chini ya 110 mmHg. Manitoli, dawa ya kupunguza shinikizo la ubongo, ni gramu 0.25 hadi 1 kwa kilo ya uzito, kwa dripu ya dakika 15 hadi 20, mpira wa mkojo ukiwa tayari. Shingo isipinde, wala kamba inayofunga mpira wa kupumulia isiikaze: veni zikibanwa, ubongo unavimba na kujaa dirishani. Hili linasahaulika sana!

Aliyeuliza kuhusu rufaa ya MOI (Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar): mboni ya jicho moja ikishapanuka, dalili kwamba ubongo unabanwa, kilomita zaidi ya 500 hadi Dar ni nyingi mno. Mwenye ujuzi akiwepo, fungueni hapohapo.