Povu la UG2 limejaa kromiti: nimekosea wapi?

Mwana wa Nyamwamba (Kasese)

Salamu kwenu wakubwa wa kazi. Niko mwaka wa mwisho wa uhandisi wa madini, na mradi wangu ni kuelesha madini ya kundi la platinamu kwa povu. Mwamba wenye madini hayo hapa kwetu hatuchimbi. Mhadhiri wangu alipata kilo 20 za UG2, tabaka la mwamba lenye platinamu pamoja na kromiti nyingi (madini meusi ya kromiamu), kutoka Rustenburg, Afrika Kusini, na kila kilo naitunza kama mbegu.

Nilichukua kilo 1, nikaisaga mara moja hadi asilimia 90 ikapita kwenye chekeche la mikroni 75. Nikaitia kwenye seli (chombo cha kuelesha) ya lita 2.5, nikaweka zanthati, dawa ya kushikisha madini kwenye viputo, gramu 150 kwa tani, na CMC, dawa ya kuzuia talki (madini laini yanayoelea yenyewe), gramu 60 kwa tani, na matone machache ya dawa ya povu. Nikakwangua kila baada ya sekunde 15, kwa dakika 20.

Majibu ya maabara yamerudi baada ya wiki sita. Mwamba ulikuwa na gramu 3.9 za platinamu na ndugu zake kwa tani. Kilichoelea ni gramu 92, chenye gramu 33.5 kwa tani, na mabaki yana 0.9. Hiyo ni kama asilimia 79 ya madini yote. Lakini oksidi ya kromiamu katika kilichoelea ni asilimia 11! Mhadhiri ameniambia hakuna tanuru litakalokipokea. Niongeze CMC? Povu lenyewe lilikuwa zito, jeusi, lilipendeza machoni. Zimebaki kilo 19. Nisaidieni.

Fundi wa Busia

Ndugu, mimi niko kwenye dhahabu, lakini mabaki ya 0.9 bado ni mengi. Ongeza zanthati kwanza, mengine yatafuata.

Mzee wa Kilembe

Hapana, Fundi, asiongeze. Zanthati haina kosa hapa.

Kijana wangu, nilianza kazi kwenye seli za Kilembe nikiwa na miaka 19, na nilikuwa zamu ya usiku hadi mgodi ulipofungwa. Yetu ilikuwa shaba, iliyokwenda kwa reli hadi kwenye tanuru la Jinja. Platinamu sijawahi kuigusa, lakini povu nalijua. Nakuuliza jambo moja: maji yaliyotoka na hilo povu uliyapima?

Kuna chembe zinazopanda kwa sababu zimeshikamana na kiputo. Hizo ndizo zanthati inazozivika koti la kukataa maji. Na kuna chembe laini zinazobebwa na maji yaliyo katikati ya viputo, kama watu wanaodandia lori. Mdandiaji hana habari na zanthati, na CMC yako haimgusi, maana hiyo kazi yake ni talki na ndugu zake. Maji mengi yakipita, wadandiaji wengi wanapita. Yakipungua, wanapungua. Hilo povu jeusi lililokupendeza, mwanangu, lilikuwa tope lenye viputo.

Sisi kila zamu, kabla ya kugusa vali yoyote, tuliteka povu kwa sahani nyeupe ya bati, ile yenye ukingo wa buluu. Unaongeza maji kidogo, unaizungusha taratibu huku umeiinamisha. Mchanga mwepesi unakimbilia mbele, vizito vinabaki nyuma na kujipanga kwa mstari. Kwetu tulitafuta njano ya shaba. Wewe utaona utepe mweusi wa kromiti. Ukiwa mpana kuliko kidole, funga hewa kidogo na uache povu lisimame vidole viwili juu ya tope, maji yapate nafasi ya kudondoka kurudi chini. Kisha kwangua juu tu, usichote. Majibu ya maabara ungoje wiki sita, lakini sahani inakujibu pale pale.

Dada wa Mbarara

Nimefanya kazi miaka minne kwenye kiwanda cha UG2 huko Afrika Kusini. Mzee amesema kweli tupu. Naongeza kuhusu usagaji, maana wadandiaji wako uliwatengeneza mwenyewe kwenye kinu.

Katika UG2 madini ya platinamu ni madogo sana, mengi chini ya mikroni 10, na sehemu kubwa yamekaa pembeni mwa punje za kromiti au kwenye madini ya silikati yaliyo kati yake. Ukisaga yote kwa mkupuo mmoja, kromiti inakuwa unga. Ndiyo maana viwanda husaga, huelesha, husaga tena, huelesha tena. Mara ya kwanza saga hadi asilimia 35 au 40 tu ipite mikroni 75, ueleshe, halafu mabaki yasage hadi asilimia 80.

Na mhadhiri hakutishi bure. Kromiti haiyeyuki vizuri kwenye tanuru. Inatulia chini kama jiwe, inakula nafasi siku hadi siku. Lengo la kawaida ni oksidi ya kromiamu isizidi asilimia 2 au 3.

Swali moja: zanthati uliikoroga lini?

Mwana wa Nyamwamba (Kasese)

Jumatatu, nikaitumia hadi Ijumaa. Na maji sikuyapima, Mzee. Nilikausha moja kwa moja.

Dada wa Mbarara

Koroga mpya kila siku. Ikikaa ndani ya maji inaharibika na kutoa kaboni disalfaidi, ile harufu mbaya. Mvuke wake ni sumu na unashika moto upesi, kwa hiyo fungua madirisha.

Mwana wa Nyamwamba (Kasese)

Wakubwa, nimerudi. Nimesaga mara mbili, zanthati ya asubuhi hiyo hiyo, hewa nimepunguza, povu vidole viwili. Safari hii nilipima likiwa bichi kabla ya kulitia kwenye oveni. Kilichoelea kikavu ni gramu 41. Mama alinipa sahani yake ya bati. Utepe mweusi umebaki mwembamba kama uzi, na nyuma yake nimeona kimstari cha rangi ya shaba. Sampuli nimezipeleka maabara leo.