Aliyemuua kaka yetu anaombewa msamaha wa Rais, ndugu zake wanataka saini ya mama. Naombeni ushauri

Binti Chanika:

Wakuu, habari za leo. Naombeni mnisikilize kwa utulivu, kwa sababu nyumbani kwetu hatuelewani tangu jambo hili liingie.

Kaka yetu mkubwa aliuawa kwa panga huko Chanika katika ugomvi wa mpaka wa kiwanja. Aliyemuua ni jirani, mtu tuliyekuwa tunazikana naye. Kesi ilichukua miaka. Mahakama Kuu ikamhukumu kunyongwa, akakata rufaa, Mahakama ya Rufani ikaitupa. Baadaye tukasikia Rais amempunguzia adhabu kuwa kifungo cha maisha. Tulisikia kwa watu tu, hakuna aliyekuja kutuambia.

Sasa wamekuja wazee wa kwao, binti yake mkubwa na shehe wa msikiti wa jirani. Barua wamekuja nayo imeshachapwa. Inasema familia ya marehemu imesamehe na haina pingamizi aachiwe huru. Imebaki saini ya mama. Wanasema baba yao amezeeka, ana kisukari, ameshika dini, hana kosa lolote gerezani. Yule binti aliongea huku analia na mimi nilimwonea huruma kwa dhati, maana baba yake alipokamatwa yeye binti alikuwa mtoto wa shule ya msingi, naye hakumuua mtu.

Mama aliwaambia "nimewasikia", basi. Mdogo wangu wa kiume amesema siku saini ikiwekwa yeye si mtoto wa nyumba ile tena. Baba mdogo anasema tusaini tupumzike.

Kinachonikwama mimi ni kwamba yule bwana alikana mahakamani mpaka mwisho. Alisema siku hiyo hakuwepo. Na hii barua haisemi popote kwamba aliua. Je, mtu wa kifungo cha maisha kwa mauaji anaweza kutoka mapema? Saini ya mama ina nguvu gani? Akitoka anarudi kwenye nyumba ileile, madirisha yetu yanatazamana.

Fundi wa Mbagala:

Pole sana dada. Msisaini. Kaka yenu kule aliko hana pa kukata rufaa. Yule alishaponea kitanzi, sasa anataka na geti. Desemba 9, 2017, Rais Magufuli aliwaachia wafungwa 61 waliokuwa wamehukumiwa kunyongwa. Nilifuatilia siku nzima na sikumbuki kusikia ndugu wa waliouawa wakitajwa hata kwa sentensi moja.

Mama Wawili:

Mimi mume wangu aliuawa na aliyemuua hajawahi kukamatwa. Nyinyi mna jina, mna hukumu, na leo kuna watu wamekuja na kanzu zao kuwaomba. Sisemi msamehe. Nasema mama asiharakishwe na mtu yeyote, si wazee wale, si baba mdogo, si kijana wenu mwenye hasira.

Wakili wa Temeke:

Pole Binti Chanika. Nikueleze sheria ilivyo, maana humu wengi wanachanganya mambo.

Kosa la kuua kwa kukusudia lipo kifungu cha 196 cha Kanuni ya Adhabu, na adhabu yake, kifungu cha 197, ni moja tu: kunyongwa mpaka kufa. Ukiacha mjamzito na aliyetenda kosa akiwa chini ya miaka 18, jaji hana chaguo jingine. Ndiyo maana mtu mzima anayetumikia maisha kwa kosa hilo mara nyingi ni yule ambaye Rais alimbadilishia adhabu. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilisema kumlazimisha jaji atoe adhabu hiyo peke yake kunakiuka haki ya kuishi. Tume ya Haki Jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman nayo ililigusa suala hilo katika ripoti yake ya 2023. Mjadala upo.

Kuhusu kutoka mapema: Sheria ya Bodi za Parole ya 1994, ile ya mfungwa kumalizia kifungo nje ya gereza kwa masharti, imewaacha nje wafungwa wa maisha. Lile punguzo la theluthi wanalopata wafungwa wengine nalo haliwahusu. Njia iliyobaki ni Rais, kwa Ibara ya 45 ya Katiba. Ibara hiyo haimtaji ndugu wa marehemu popote. Kwa hiyo saini ya mama si sharti. Bila hiyo Rais anaweza kumwachia, na hata akiwa nayo anaweza kukataa.

Lakini hiyo haifanyi barua kuwa karatasi tupu. Anayeandaa maombi anajua kwamba maneno ya wenye damu yana uzito, ndiyo sababu wamewafuata.

Mstaafu wa Magereza:

Nimetumikia Jeshi la Magereza, nimepita Ukonga na Isanga kule Dodoma. Nataka niseme kwa upande wa wale walioko ndani, halafu niseme na la upande wenu.

Wengi wa kesi za mauaji niliowaona si majambazi. Ni kiwanja, ni mke, ni pombe, ni tuhuma za uchawi. Mtu amefanya jambo la dakika moja. Wengine walikuwa wanyapara wazuri kuliko tulivyostahili, wakawafundisha vijana useremala. Mfungwa wa miaka kumi anahesabu theluthi yake na ana sababu ya kutulia. Wa maisha hana cha kuhesabu, na bado wengi wanatulia. Wanazeeka, wanaugua, wanabebwa kwenda zahanati. Mimi naamini kabisa sheria ingewapa siku ya kusikilizwa, baada ya miaka mingi, mbele ya watu wanaojua kazi. Kumwachia mtu msamaha wa siku ya sikukuu peke yake ni kumfanya aishi kwa bahati nasibu.

Ila Binti, cheti cha tabia njema usikisome kupita kiasi. Gerezani hakuna kiwanja cha kugombea. Kinasema alitii amri, hakisemi atafanya nini akisimama tena kwenye mpaka uleule. Nikuulize: ule mpaka uliishaje?

Binti Chanika:

Afande shikamoo. Haukuisha. Hakuna bikoni hata moja. Upande wao wanasema ni kwenye mwembe, sisi tunasema ni kwenye msingi wa zamani. Tangu msiba hakuna aliyethubutu kuugusa.

Mstaafu wa Magereza:

Marahaba. Basi kabla ya barua yoyote, mpima wa Jiji aje, na mwenyekiti wa mtaa awepo, familia zote mbili zikubali kwa maandishi. Kama wana nia njema hilo halitawashinda.

Mvita:

Nawaandikia kutoka Mombasa. Kwetu Katiba ya 2010, Ibara ya 133, inaunda kamati ya kumshauri Rais kuhusu msamaha, na imeandikwa wazi kwamba kamati inaweza kuzingatia maoni ya waathiriwa. Pia Desemba 2017 Mahakama ya Juu iliondoa ulazima wa hukumu ya kifo kwa mauaji. Kuna familia hazijaridhika hata hivyo, lakini kuulizwa ni heshima. Nyinyi mmeulizwa na ndugu wa muuaji badala ya serikali. Hiyo ndiyo kasoro ninayoiona.

Umm Salma:

Kwa kuwa shehe amehusishwa: Suratul Baqara aya ya 178 inawapa wenye damu haki na inawapendezeshea kusamehe. Lakini msamaha ni wa waliofiwa, hauji umechapwa na upande wa pili. Anayeomba radhi aanze kwa kukiri. Mwambieni shehe hivyo kwa adabu, ataelewa.

Fundi wa Mbagala:

Hapo Umm Salma nakubaliana nawe. Bado nasema asitoke.

Binti Chanika:

Nimewasomea mama majibu yenu jana usiku, mengine mara mbili. La afande kuhusu mpaka lilimfanya ainuke akatafute karatasi za kiwanja. Akasema yeye kufa kwa yule mzee gerezani hakumrudishii mwanawe, na kutoka kwake hakumtishi kama mdogo wangu anavyomtisha, kwa sababu anaona kijana huyu ndiye atakayeshika panga safari hii. Sikuwahi kulifikiria hilo. Nimezungumza na mdogo wangu asubuhi, hakunijibu, ila hakuondoka pia.

Tumekubaliana barua yao tunairudisha bila saini. Mama anataka yule bwana aandike mwenyewe, kwa mkono wake, alichofanya siku ile. Akiandika ndipo tutakaa kuandika ya kwetu. Wakili, naomba kuuliza: ya kwetu inaweza kusema asirudi kuishi Chanika?

Wakili wa Temeke:

Inaweza kuomba. Ibara ya 45 inamruhusu Rais kusamehe bila masharti au kwa masharti. Hayatamfunga Rais kwa sababu nyinyi mmeyataka, lakini yaandikwe wazi: aishi wapi, asikaribie nyumba ya mama, na suala la mpaka liwe limekwisha kabla. Msiseme "hatuna pingamizi" popote. Semeni mnachokubali na msichokubali. Tahadhari moja: akikiri kwa maandishi, mwanasheria wake atataka kuiona barua hiyo kwanza, kwa hiyo mvute subira. Nitumie ujumbe wa faragha nikusaidie kuipanga, sitachukua hela.

Binti Chanika:

Ahsante sana. Nakutumia leo. Barua yao ataipeleka baba mdogo, mama amesema mimi niende naye nikamwone yule binti.