Tupeane uzoefu: kabla hujagusa kodi (code, yaani maandishi ya programu), unapangaje kipengele kipya?

Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu. Mijadala yetu mingi huanzia pale kodi imeshaandikwa na mambo yameshaharibika. Leo turudi nyuma kidogo: umeambiwa kipengele fulani kinatakiwa, hujaandika hata mstari mmoja. Unafanya nini?

Naanza mimi. Tuliombwa tuweke kitufe cha kufuta akaunti. Kwenye orodha ya kazi ilikuwa sentensi fupi tu. Nikakaa na mwenzangu tukaandika kila mahali taarifa za mtumiaji zinapokaa kwenye mfumo. Ankara alizolipa: mhasibu akasema hizo haziguswi, sheria inataka zitunzwe. Ujumbe aliowatumia wengine: ukiufuta, mazungumzo ya wenzake yanabaki na mashimo. Nakala rudufu: leo umemfuta, kesho seva inaanguka, mnarejesha nakala ya juzi, jamaa kafufuka. Baruapepe yake: akijiunga tena ni mtu mpya au ni yule yule?

Hakuna swali hata moja hapo ambalo kodi ingejibu. Mengi yalikuwa ya mwenye bidhaa (anayeamua programu ifanye nini), mengine ya mwanasheria. Tukakubaliana kwamba yanayomtambulisha yanafutwa, ankara zinabaki hadi muda wa kuzitunza uishe, na namba za ndani za waliofutwa zinawekwa pembeni ili nakala yoyote ikirejeshwa wafutwe tena. Baada ya hapo kuandika kulikuwa kazi nyepesi.

Nyie wenzangu mnafanyaje?

Mdau wa malipo

Umegusa penyewe mkuu. Mimi huwa nachora jedwali. Pembeni naweka hali za oda: inasubiri malipo, imelipwa, imetumwa, imefutwa. Juu naweka matukio: mteja anafuta, malipo yanathibitishwa, malipo yanakataliwa, muda unaisha. Kila chumba lazima kijazwe, hata kama jibu ni "kataa".

Chumba kilicholeta ubishi ni hiki: oda imeshafutwa, halafu uthibitisho wa malipo unaingia. Kuna aliyesema hilo haliwezi kutokea. Linatokea sana tu, mteja anabonyeza "futa" wakati jibu la mtoa huduma liko njiani. Sasa unarudisha hela au unafufua oda? Na kuna uthibitisho kuja mara mbili, maana huduma nyingi za malipo hutuma tena zisipopata jibu lako. Kwa hiyo kila muamala tukaupa namba ya kipekee tunayoihifadhi. Ukija tena, seva inajibu "nimepokea" na haifanyi kitu kingine. Ukilishtukia jambo hilo mfumo ukiwa hewani, unajikuta unagusa muundo wa kanzidata (database) yenye pesa za watu ndani.

Mtunza kanzidata

Naongezea upande wangu. Mipango mingi inaeleza mfumo utakavyokuwa mwishoni, haisemi utafikaje huko. Wakati wa kupeleka toleo jipya, seva moja inaweza kuwa na kodi mpya na nyingine bado na ya zamani, zote zinasoma kanzidata moja. Ukibadilisha jina la safu (column) ya jedwali kwa mkupuo, zile za zamani zinalia.

Kwa hiyo kwenye mpango nadai mpangilio: ongeza safu mpya inayoruhusu kuwa tupu, kodi iandike kote kuwili, jaza rekodi za zamani kwa mafungu, hamisha usomaji, na safu ya zamani ifutwe mwisho kabisa. Kila hatua iwe na njia ya kurudi. Isiyo na njia ya kurudi iandikwe wazi, watu wajue wanavuka mto gani.

Mbishi

Samahani, mimi nitapingana nanyi kidogo. Makaratasi yana mwisho wake. Kuna huduma ya nje tuliyotakiwa kuunganisha, maelezo yake yakasema inarudisha tarehe na saa. Kweli inarudisha, ila haisemi ni saa za ukanda gani! Mngekaa mezani mwezi mzima msingejua. Mimi hufungua tawi la pembeni (nakala ya kodi iliyotengwa na ile kuu), naandika kodi chafu ya kuuliza maswali, nikishapata majibu nalifuta tawi lote. Kulifuta ni lazima, la sivyo bosi akiliona linafanya kazi atataka liende hewani jioni hiyo hiyo.

Mleta mada

@Mbishi wala hujapinga, hiyo nayo ni kupanga. Sharti ni hilo la kulifuta.

Mpimaji

Mbona hamtuiti sisi wapimaji mapema? Mimi nikiitwa naomba mifano yenye namba. Kuponi ya asilimia 10 kwa manunuzi ya kuanzia 100. Kikapu kina 105, baada ya punguzo ni 94.5. Bado anastahili? Meneja alisema ndiyo, mwandishi wa kodi alikuwa anajua hapana, na wote walikuwa wamesoma waraka ule ule. Haya, mteja karudisha bidhaa ya 20. Umrudishie 20, 18, au 9.5 kwa kuwa bidhaa zilizobaki hazifiki 100 na kuponi imekufa? Kila jibu lina utetezi wake. Lakini mtu mmoja lazima aamue, na asiwe yule anayeandika kodi saa nne usiku.

Msomaji wa mapendekezo

Mimi nimeiga kwa watu wa Python, ile lugha ya kuandikia programu. Mapendekezo yao rasmi, yanayoitwa PEP na yaliyoanza mwaka 2000, huwa na sehemu ya mawazo yaliyokataliwa na sababu zake. Nikaileta kwenye timu. Sasa akija mtu mpya na kuuliza "kwa nini hatukutumia foleni?", anaonyeshwa aya. Kwangu hiyo ndiyo sehemu inayosomwa zaidi ya zote, na ndiyo wengi wanaona uvivu kuiandika.

Mgeni

Wakuu, siku hizi kodi naandikiwa na akili mnemba. Bado kuna haja ya yote haya?

Mdau wa malipo

@Mgeni ipe lile jedwali langu likiwa na vyumba vitupu, usiseme kitu. Itavijaza vyote na haitakuuliza kama mteja arudishiwe hela.