Hukumu za utoaji mimba Marekani: ni dhana ipi imeachwa bila kutajwa?

Wakuu, kabla hatujagawanyika kambi mbili, tuitazame hoja yenyewe. Juni 2022, katika kesi ya Dobbs, Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuta haki ya kutoa mimba iliyotambuliwa na kesi ya Roe mwaka 1973. Jaji Samuel Alito, aliyeandika hukumu hiyo, alijenga hoja hivi: haki isiyotajwa kwenye Katiba hulindwa ikiwa imekita mizizi katika historia ya taifa; mwaka 1868, yalipoidhinishwa Marekebisho ya 14 ya Katiba (yanayolinda uhuru wa mtu dhidi ya majimbo), majimbo mengi yaliharamisha utoaji mimba; kwa hiyo haki hiyo haimo.

Ukisoma haraka, unaona imenyooka. Lakini ili hitimisho lisimame, lazima kwanza ukubali kwamba sheria za 1868 zilikuwa sauti ya taifa zima. Wanawake hawakuzipigia kura. Katiba ililinda kura yao mwaka 1920! Majaji watatu waliopinga hukumu walilieleza hili, na mimi naona hapo ndipo nyumba nzima inapoegemea.

Mchangiaji: Ndugu, Alito alijibu. Alisema wanawake leo wana nguvu ya kura, waamue kwenye majimbo yao. Halafu mbona Roe huigusi?

Mtoa mada: Jibu hilo linahusu leo, nami nauliza kipimo cha 1868 kilipimwa na nani. Tena linaleta dhana nyingine kimyakimya: kwamba jambo hili ni la wengi wape. Haki nyingine, kama ya kuabudu, hatuzipigii kura.

Kuhusu Roe una haki kabisa, nilipaswa kuanza nayo. Ile iliruhusu majimbo kupiga marufuku pale mtoto anapoweza kuishi nje ya tumbo, kwa kawaida wiki ya 28, pengine hata ya 24. Sasa chukua mama wawili, wote wiki ya 25. Mmoja yuko karibu na hospitali yenye mashine za watoto njiti, mwingine yuko mbali nayo. Vichanga ni sawa kwa kila hali, kilichotofautiana ni vifaa. Roe haikutueleza vya kutosha kwa nini uwezo wa kuishi nje ndio ugeuze uzito wa haki.

Kuikuta dhana iliyofichwa hakuifanyi kuwa uongo, inabaki kudaiwa utetezi. Anayeutetea mpaka huo wa uwezo wa kuishi nje, karibu, aanzie kwa hao mama wawili.